Usimtoe rafiki yako kwenye skwadi kwa sababu ya K/D

Usimtoe. Nimesoma ulichoandika mara mbili, na ni kama nasoma meseji niliyoituma mwenyewe miaka miwili iliyopita. Unasema mko wanne hapo Makorora, Tanga, mnacheza PUBG Mobile, ule mchezo wa simu wa kupigana risasi, mashindano ya hela yanakuja, mmoja wenu mikono mizito, na kuna jamaa mmekutana naye mtandaoni mwenye K/D (wastani wa watu unaowaua kwa kila kufa kwako) ya 6 anataka nafasi. Unauliza mumchukue au vipi, bando gani linafaa, simu gani mnunue na sensitiviti, yaani wepesi wa skrini kufuata kidole, muiweke wapi. Leo najibu hilo la kwanza tu.

Na sisi tulikuwa wanne. Watatu wa Chumbageni, wa nne fundi baiskeli wa kule Ngamiani. Simu ya fundi ilikuwa ya zamani, kioo kimepasuka pembeni, na akikutana na mtu uso kwa uso mara nyingi anayekufa ni yeye. K/D yake haikufika 1. Lakini yule bwana alikuwa na macho. Tukishuka tu unamsikia: "Wawili, 195, nyuma ya ukuta, mmoja hana helmeti." Hiyo 195 ni namba ya dira iliyo juu ya skrini. Ukiisikia unageuka, na mtu yuko pale pale. Hakuwa mtu wa kupiga kelele "kule, kule!" wakati kila mmoja ana kule kwake. Akiangushwa, yaani yuko chini lakini bado anaweza kuinuliwa, kabla hujamuuliza ameshakwambia aliyempiga yuko dirisha gani, na kama naye amejeruhiwa. Akimaliza ananyamaza, tusikie vishindo vya miguu.

Na hilo kwetu sisi wa huku lina uzito zaidi. Seva tunazochezea ziko mbali, kwangu usiku pingi, yaani muda wa simu kuwasiliana na seva, inacheza kwenye milisekunde 130 hadi 160. Maana yake mtu akitokeza kwenye kona anakuona kabla simu yako haijakuonyesha kwamba ametokeza. Hata uwe na vidole vya moto, umechelewa. Dawa yake ni kujua anatokea wapi kabla hajatokea, na hilo mara nyingi utalijua kwa mdomo wa mwenzako.

Sasa akatokea mtu aliyekuwa anauza mafunzo kwenye WhatsApp, elfu kumi kwa kichwa. Tukamtumia picha za takwimu zetu, tukalipa elfu arobaini. Akajibu kwa sauti ya sekunde kama ishirini hivi: mna mzigo mmoja, utoeni, namletea mtu. Hakuwahi kukaa nasi hata kwenye gemu moja. Hakusikia maiki zetu. Alitazama namba nne, akamhukumu mtu ambaye hajawahi kumsikia akiongea, na mpaka leo hilo linanichoma kuliko hela. Na inaniuma zaidi kwamba elfu kumi ya nne ilikuwa ya fundi mwenyewe.

Meseji niliandika mimi. "Kaka, mashindano haya pumzika kidogo, tutakuita." Akajibu, "Sawa." Basi. Siku ya tatu tairi langu likapata pancha karibu na kwake, nikaenda, ningefanyaje. Akatoa mpira, akaujaza upepo, akauzamisha kwenye karai polepole, akauzungusha mpaka mapovu yakatoka. Akaweka kidole: "Hapa." Akaziba. Nikatoa buku, hakupokea. Hakusema neno jingine.

Mashindano yenyewe yalikuwa gemu sita. Ukimaliza wa kwanza alama 10, kila mnayemuua alama 1. Huyo mgeni, ambaye tulimnunulia na UC, hela ya ndani ya mchezo, kwa sababu alisema hachezi bila hiyo, kila gemu ya ramani ya Erangel aliruka peke yake kwenye mji wa Pochinki. Ramani ina kilomita 8 kwa 8, sisi watatu tuko mbali naye, yeye anatafuta vichwa, yaani watu wa kuua. Maiki yake ilifunguka akidai vitu tu. Gemu ya mwisho aliua watano, akauawa, akatoka kwenye mchezo papo hapo. Hakutuambia waliomuua ni wangapi, wala kwamba wana gari, wala kwamba walishika barabara ya kuja upande wetu. Alikuwa amewaona wote.

Sisi tumelala nyuma ya mwamba, zoni, yaani eneo salama, inafunga, macho yote mbele. Mwenzangu akaangushwa. Kumwinua mtu ni sekunde 10, nikarusha moshi nikaanza. Kama sekunde ya sita nikasikia breki ya gari mgongoni. Tulimaliza wa tisa, na nafasi hiyo haikuwa na alama hata moja. Zawadi tuliikosa kwa alama 3. Alama 3! Mtu mmoja kusema "wana gari, wanakuja huko" ingetosha. Kesho yake mgeni katoka kwenye kundi, yuko na timu iliyotushinda. Hapa Tanga tunasema waja leo waondoka leo, na yule hata chai hakungoja.

Kwa hiyo fanya hivi kabla hujaandika jina la mtu. Chezeni gemu kumi, mmoja wenu awe na daftari. Vichwa usihesabu. Hesabu hiki: mtu akiangushwa, je, ndani ya sekunde tatu amesema ni wangapi, wako wapi kwa namba ya dira, na wana hali gani? Weka alama kwa kila aliyesema. Rafiki yako akiongoza kwenye daftari hilo, huyo ndiye mchezaji wenu wa kwanza, hata akiwa na K/D ya 0.7. Mikono yake mizito mpe kazi inayomfaa. Akae nyuma na darubini, abebe mabomu ya moshi mengi kuliko wote, yeye ndiye ainue watu. Msimpeleke mbele kugongana mlangoni halafu mkamlaumu amekufa. Na jamaa wa K/D ya 6 mwambieni naye acheze hizo gemu kumi maiki ikiwa wazi. Akikataa, mmeshapata jibu.

Mimi na fundi tunasalimiana. Gemu hatujacheza tena, nimemwomba mara mbili.

Umesema usajili wenu unafungwa Ijumaa. Andika jina la rafiki yako leo, na kama ameshasikia fununu kwamba mlitaka kumtoa, usimtumie meseji. Nenda kwao.