Kocha Anajibu: Pima nyumba kwanza, mashine baadaye

Kocha, shikamoo. Shemeji yangu aliyeko Houston, Marekani, anafunga mizigo kurudi nyumbani. Anasema atatuwekea kwenye kontena mashine yake ya kukimbilia, sisi tumrudishie dola 300 tu. Tunakaa ghorofa ya tatu Upanga, tuna watoto wawili wadogo. Mume wangu anashangilia, mimi nasita. Tuichukue? – Mama wawili, Upanga

Marahaba, mwanangu. Kabla hamjatuma hata senti, mwambie shemeji ainame, apige picha ya kile kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme, akutumie. Nina hakika kitasema volti 120, hezi 60. Wetu ni volti 230, hezi 50. Mkiichomeka hivyo hivyo ukutani mtasikia harufu kabla mtu hajapanda.

Mtaniambia kuna transfoma. Ipo, lakini si ile ndogo ya blenda. Mashine hizo hutumia soketi ya ampea 15, maana yake zinaweza kuvuta hadi wati 1,800. Tafuteni transfoma ya wati 3,000, muijumlishe kwenye hizo dola 300, halafu mtafute na pa kuiweka, maana ni dude zito linalovuma na kupata moto. Na kama mota ya mashine ni ya AC (inayofuata hezi za umeme moja kwa moja), bado inaweza kuzunguka pungufu kwa kama sehemu moja ya sita, kwa sababu transfoma inashusha volti, haigusi hezi.

Sasa tupande ngazi. Mashine nzuri ina kilo 80 hadi 100 na zaidi. Umepima kona ya ngazi zenu? Mlango je? Nimeona wanaume wanne wakitoka jasho kwenye kona moja, mashine haipandi wala haishuki, na mwenye nyumba yuko juu anatoa maelekezo. Ikishafika, nyuma yake iacheni wazi mita mbili. Wengi huisogeza mpaka ukutani ili sebule ipumue, na hapo ndipo penye hatari: mtu akiteleza anabanwa kati ya ukuta na mkanda unaozunguka, ngozi inachunika. Kwa watoto wadogo hatari ni viganja. Kile kifunguo chenye kamba kinachochomekwa mbele, mkimaliza kikae na funguo za nyumba, kisiachwe kwenye mashine.

Jirani wa chini nimemsahau. Mtu anapokimbia, kila hatua inapiga sakafu kwa nguvu inayozidi mara mbili uzito wake. Zege la Upanga litavumilia, ila jirani sijui.

Ningekuwa wewe ningemwambia shemeji, kwa adabu zote, auze mashine yake huko huko Houston, na kwenye kontena aweke dambeli za kuongeza na kupunguza uzito. Chuma hakina volti. Kama lazima kiwepo kitu cha kutoa jasho ndani, nunueni baiskeli ya mazoezi ya sumaku: haina kelele, na nyingi hazihitaji umeme wa ukutani. Kwa kutembea, kutoka Upanga mpaka Barabara ya Barack Obama ni karibu, na upepo wa bahari haulipiwi LUKU. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa, siku tano, imeisha hiyo.

Kocha, niaje. Nina laki mbili, na uwani kuna nafasi ya mita tatu kwa mbili. Nataka kujenga kifua na mikono. Kuna jamaa anauza chuma kirefu chembamba na sahani nne za mtumba zimeandikwa 45. Nichukue? – Dogo wa Kihonda, Morogoro

Poa, dogo. Hiyo 45 angalia vizuri, pembeni yake utakuta herufi "lb". Ni pauni, na pauni 45 ni kama kilo 20 na nusu kasoro. Usilipie kilo 45.

Pili, nenda na tepu. Sahani za aina ya Olimpiki zina tundu la milimita 50, na chuma chembamba mara nyingi ni milimita 25 hadi 28. Vikichanganywa, sahani zinacheza kama bangili, siku moja upande mmoja unachomoka ukiwa umelala chini yake. Chuma halali cha Olimpiki cha wanaume kina kilo 20 peke yake na urefu wa mita 2.2. Kwenye uwa wako wa mita tatu zinabaki sentimita 40 kila upande. Utavalisha sahani ukiwa umejibana ukutani.

Jimu niliyoanzia mimi Temeke haikuwa na sahani hata moja ya kiwandani. Ndoo ya rangi ya lita nne ukiijaza zege inatoa kilo tisa na kitu. Changanya saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu. Kwa kishikio, ndoo moja kila ncha, tumia bomba la chuma nene, siyo la pazia, na fundi wa kuchomelea aweke vipande vya nondo kwa kukingama kwenye ncha ili zege lishike. Mwagilia maji wiki nzima kabla ya kunyanyua. Kisha peleka kwenye mizani ya muuza nafaka, pande zote mbili zilingane, maana mabega hayana mchezo na uzito uliopinda.

Laki mbili yako nyingi iende kwenye benchi. Fundi akuchomelee lenye stendi, na mikono miwili ya chuma pembeni, juu kidogo ya kifua, ya kupokea uzito mkono ukikataa. Likiwa tayari, kaeni watu wawili wanene mlitingishe. Likilia, arudie.

Kocha, ule mkanda wa kutetemesha tumbo unaondoa kitambi kweli? – Baba, Dodoma

Hapana. Unatoa jasho, na jasho utalirudisha kwa glasi mbili za maji. Mwaka 2002 tume ya biashara ya Marekani iliwafungulia mashtaka wauzaji wa mikanda ya umeme ya tumbo waliokuwa wakitangaza maneno hayo hayo.

Naishi Raskazone, Tanga. Dambeli zangu za kibarazani hazijamaliza mwaka zimeshaota kutu. – Msomaji wa kike

Ni chumvi ya upepo, dada, na kibaraza. Ziingize ndani, zifute jasho kila ukimaliza, uzipake mafuta ya cherehani kidogo. Ukinunua nyingine chukua za pembe sita zilizovishwa mpira. Kutu inapata shida kuzifikia, na haziviringiki chini ya kitanda. Zile za plastiki zilizojazwa saruji ndani ni rahisi, ila zikipasuka zinamwaga vumbi chumba kizima. Hizo ulizonazo usizitupe: piga msasa, futa, paka rangi ya mafuta mwisho wote wa huku na huku, lakini pale pa kushikia paache bila rangi, maana pakipakwa patateleza.