Msikiti wa Kizimkazi: 1107 au karne ya 18?

Msikiti huu wa kale wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, hutajwa kuwa ulijengwa mwaka 1107 au karne ya 18. Tarehe zote mbili ni sahihi. Mwaka 1107 ni wa maandishi ya Kikufi (mtindo wa kale wa hati ya Kiarabu) yaliyo kwenye ukuta wa kibla: yanataja Dhulkaada (Mfunguo Pili) mwaka 500 Hijria, yaani Juni au Julai 1107. Wanaoandika 1106 hawakuangalia mwezi. Mwaka 500 ulianza Septemba 1106, na Mfunguo Pili ni mwezi wa kumi na moja.

Jengo lenyewe tunaloliona leo, kwa sehemu kubwa, ni la ujenzi mpya wa karne ya 18, na upo mwandiko mwingine ukutani unaoutaja. Kwa hivyo usimwambie mgeni kuwa kuta zote zina miaka 900.

Maandishi yale ni mazuri mno! Yamechongwa kwenye tumbawe, ambalo likitolewa baharini bichi huwa laini, kisha hukauka likawa gumu.

Msikiti uko Kizimkazi Dimbani, si kijiji cha pili, Kizimkazi Mkunguni. Kwa nje ni paa la bati tu, watu wengi hupita bila kuujua. Bado unasaliwa, basi epukeni nyakati za sala.