Faili Zinapotambaa kwenye Kompyuta Mpya: Soma Kasi Kabla ya Kugusa Mipangilio

Kazi ya kwanza anayopewa mtu aliyenunua kompyuta mpya huwa ni ya kuhamisha: picha, video, hati za kazi na kila kilichorundikana kwenye mashine ya zamani kwa miaka. Kompyuta yenyewe inawaka upesi, programu zinafunguka papo hapo, diski ni ya SSD (aina ya haraka isiyo na sehemu zinazozunguka), lakini folda ya gigabaiti 200 ikianza kunakiliwa kupitia mtandao wa nyumbani, dirisha linaonyesha kwamba kazi itachukua saa tano. Lawama zote huangukia kompyuta mpya, kwa kuwa ndiyo mgeni aliyeingia nyumbani. Nimehamisha faili zangu kwa njia hii zaidi ya mara moja, na ndugu na marafiki huniita wanapokwama, na katika hali nyingi nilizoziona kompyuta mpya haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa tu na kasi ya kutosha kufichua udhaifu uliokuwepo siku zote.

Ushauri wangu ni kwamba usibadilishe mpangilio hata mmoja kabla hujaiangalia kasi yenyewe na kuiandika mahali. Watu wengi huanza kwa kuzima hiki na kuwasha kile kwa kufuata orodha waliyoikuta mahali fulani, na baada ya saa moja hawajui tena ni badiliko lipi lililosaidia na lipi lililoharibu. Kasi ikisomwa vizuri, mara nyingi humtaja mhusika yenyewe.

Ili kuisoma, ni lazima kwanza tukubaliane kuhusu vipimo. Kasi ya mtandao hutajwa kwa megabiti, ilhali dirisha la kunakili faili huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo muunganisho wa megabiti 100 kwa sekunde hauwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 12.5, na ukiondoa taarifa za ziada zinazosafiri pamoja na data, kinachobaki ni megabaiti 11 na ushee. Muunganisho wa gigabiti moja hutoa megabaiti 110 hivi, na ule wa gigabiti 2.5, ambao sasa unapatikana kwenye kompyuta nyingi mpya za mezani, hukaribia megabaiti 280. Ukikariri tarakimu hizi tatu, umeshafanya nusu ya uchunguzi. Anayeniambia kwamba faili zake zinakwenda kwa megabaiti 11 bila kupanda wala kushuka, simuulizi kuhusu diski wala antivairasi. Namwomba anionyeshe kebo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwangu mara ya mwisho. Kompyuta mpya ilikuwa na poti ya gigabiti 2.5, ruta ilikuwa na poti za gigabiti moja, na bado mchoro wa kasi kwenye dirisha la kunakili ulilala kwenye 11, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Unyoofu huo ni ushahidi, kwa sababu diski inayoelemewa hupanda na kushuka, lakini kikomo cha kebo hakiyumbi. Nilifungua taarifa za muunganisho, nikakuta kadi ya mtandao inasema megabiti 100. Kebo ya mtandao ina nyaya nane zilizosokotwa kwa jozi nne. Megabiti 100 huhitaji jozi mbili tu, ilhali gigabiti huhitaji zote nne. Waya mmoja ukikatika au usipogusa vizuri, vifaa vya pande zote mbili mara nyingi hukubaliana kimyakimya kushuka hadi megabiti 100, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu unaotokea. Nilipoichomoa kebo na kuitazama chini ya taa, klipu ya plagi ilikuwa imevunjika, na kati ya vile vipande nane vya shaba vilivyopangwa mbele yake, kimoja kilikuwa kimezama ndani kuliko wenzake. Kebo hiyo ilikuwa imetumika kwa miaka kwenye kompyuta ya zamani kwa ajili ya kusoma kurasa na barua pepe, kazi ambazo megabiti 100 zinazimudu bila shida, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuitilia shaka. Nilipoweka kebo nyingine ya daraja la Cat 5e, kasi iliruka hadi zaidi ya megabaiti 100 papo hapo.

Kuiona kasi ya muunganisho si kazi ngumu. Kwenye Windows ingia kwenye mipangilio ya mtandao na ufungue sifa za muunganisho wa kebo, au fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, na uandike Get-NetAdapter, kisha utazame safu ya LinkSpeed. Kwenye Linux amri ya ethtool ikifuatiwa na jina la kadi hukupa jibu lilelile, na Mac huionyesha katika maelezo ya maunzi ya muunganisho husika. Fanya hivyo kwenye kompyuta zote mbili, si ile mpya peke yake, kwa kuwa mwendo wa safari nzima huamuliwa na kipande kilicho dhaifu kuliko vyote. Usisahau pia vifaa vya katikati: zipo ruta ambazo boksi lake linatangaza kasi kubwa ya Wi-Fi ilhali poti zake za kebo ni za megabiti 100 tu, na ipo swichi ndogo, kile kifaa cha kugawa kebo moja ya mtandao kwa vifaa kadhaa, iliyofichwa nyuma ya kabati ambayo kila mtu alishaisahau. Kompyuta ndogo isiyo na poti ya kebo, inayotumia adapta ya USB, nayo ikaguliwe, maana adapta ya gigabiti ikichomekwa kwenye tundu la USB 2.0 haiwezi kuvuka megabiti 480, na kwa vitendo hupata pungufu zaidi ya hapo. Jambo moja la kuepuka ni kuilazimisha kadi ifanye kazi kwa kasi fulani kwa kuichagua kwa mkono. Upande mmoja ukilazimishwa na mwingine ukaachwa ujiamulie, huenda vikashindwa kuelewana iwapo vinaweza kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, na matokeo yake huwa mabaya kuliko tatizo la awali.

Kwa wanaotumia Wi-Fi, mambo yana sura nyingine. Kompyuta nyingi mpya za mezani huja na antena mbili ndogo za kufungwa nyuma kwa kuzungusha, na nimeshakuta antena hizo zikiwa bado kwenye mfuko wake wa plastiki ndani ya boksi, huku mwenye kompyuta akishangaa kwa nini simu yake inapata mawimbi vizuri kuliko mashine ya bei kubwa. Bila antena Wi-Fi hufanya kazi kwa kubahatisha, tena iwe karibu sana na ruta. Ukishazifunga, hakikisha kompyuta imeunganishwa kwenye masafa ya gigahezi 5 wala si 2.4, ambayo ni finyu na husongwa na vifaa vya majirani. Tambua pia kwamba kasi ya Wi-Fi inayotajwa kwenye mipangilio ni ya nadharia. Ukipata nusu yake kwenye faili halisi, huna sababu ya kulalamika. Na ikiwa kompyuta zote mbili zinatumia Wi-Fi ya ruta moja kwenye masafa yaleyale, kila baiti hupita hewani mara mbili, kutoka ya kwanza hadi kwenye ruta na kutoka kwenye ruta hadi ya pili, huku zikipokezana hewa ileile. Kuiunganisha moja tu kati ya hizo kwa kebo kunaweza kukaribia kuongeza kasi maradufu, na ni hatua ambayo watu huidharau kwa sababu haihusu kompyuta waliyoinunua.

Muunganisho ukionekana mzima lakini faili bado zinatambaa, inabidi kutenganisha mtandao na diski. Chombo ninachokiamini kwa kazi hii ni iperf3, programu ya bure inayotuma data kutoka kumbukumbu ya kompyuta moja hadi kumbukumbu ya nyingine bila kugusa diski. Kwenye kompyuta moja unaandika iperf3 -s ili isubiri, kwenye nyingine unaandika iperf3 -c ikifuatiwa na anwani ya ile ya kwanza, na ukiongeza -R mwishoni unapima uelekeo wa kinyume. Kwenye mtandao wa gigabiti jibu zuri huwa megabiti 940 hivi. Ukilipata kwa pande zote mbili, mtandao hauna hatia, na huna haja ya kununua ruta mpya. Uelekeo mmoja ukiwa mzuri na mwingine ukawa mbovu, shuku draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya mtandao, kwenye kompyuta mpya. Windows huweka draiva ya kawaida ili mradi mtandao ufanye kazi, na mara nyingine ni ya zamani kuliko ile iliyo kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta au wa kadi. Baada ya kuisasisha, jaribu kuzima kipengele cha kuokoa umeme cha kadi hiyo, kisha upime tena. Kama hakuna tofauti, kirudishe kilivyokuwa.

Mtandao ukishatoka kwenye orodha ya washukiwa, hamia kwenye diski, na anza na ya kompyuta ya zamani. Diski ya kuzunguka, hata ikiwa nzima, husoma faili kubwa kwa megabaiti 100 hadi 200 hivi kwa sekunde, na kasi hupungua kadiri inavyosoma sehemu za ndani za sahani yake. Diski mpya ya SSD nayo ina tabia yake: kunakili huanza kwa kishindo, kisha baada ya gigabaiti kadhaa kasi huporomoka. Sehemu ya mwanzo ilikuwa ikijaza kumbukumbu ya RAM na eneo la haraka ndani ya SSD, na maeneo hayo yakishajaa ndipo kasi halisi ya diski hujitokeza. SSD za bei nafuu huporomoka zaidi, hasa zikiwa zimekaribia kujaa, na hilo halitibiwi na mpangilio wowote.

Kuna hali moja ambayo haina ugonjwa kabisa, nayo ni ya faili ndogo. Video moja ya gigabaiti 10 na folda ya gigabaiti 10 yenye makumi ya maelfu ya faili ni vitu viwili tofauti kwa mtandao. Kwa kila faili, kompyuta mbili hubadilishana ujumbe kadhaa: kuifungua, kuandika yaliyomo, kuweka tarehe, kuifunga, na kila ujumbe husubiri jibu. Kasi huanguka hadi megabaiti chache huku mtandao, diski na kichakata vyote vikiwa havina kazi kubwa ya kufanya. Antivairasi inayokagua kila faili inayotua huongeza muda juu ya muda. Dawa ni ama kuzifunga faili hizo kwenye faili moja la zip bila kuzibana, kwa kuwa picha za JPEG hazibaniki zaidi ya hapo, ama kutumia robocopy, iliyomo ndani ya Windows, pamoja na chaguo la /MT linalonakili faili nyingi kwa pamoja. Isipoelezwa vinginevyo, chaguo hilo huendesha nakala nane kwa wakati mmoja, na unaweza kuongeza hadi 128, ingawa kwa diski ya kuzunguka mimi sivuki 16, maana kichwa cha diski hubaki kikirukaruka badala ya kusoma.

Wanaohifadhi faili kwenye kifaa cha NAS (diski ya pamoja iliyounganishwa kwenye mtandao wa nyumbani) cha miaka mingi wana jambo la ziada. Toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka mwaka 2024, hudai kwa kawaida kwamba mawasiliano ya SMB, njia ambayo Windows hutumia kushirikisha faili mtandaoni, yawe na saini ya kiusalama katika matoleo ya Pro, Enterprise na Education. Kwa kompyuta ya kisasa gharama yake ni ndogo, lakini NAS yenye kichakata dhaifu inaweza kulemewa, na ile isiyojua kutia saini hukataliwa kabisa. Wapo wanaoshauri kuuzima ulinzi huo. Mimi ningeanza na kusasisha programu ya NAS yenyewe, kwa sababu saini hiyo ndiyo inayozuia data kubadilishwa njiani. Kagua pia kama kuna VPN ya kazini, ile programu inayounganisha kompyuta na mtandao wa ofisi, inayoendelea kufanya kazi. Baadhi yake hupeleka hata faili za nyumbani nje ya nyumba na kuzirudisha, na kasi unayoiona inakuwa ile ya intaneti yako. Kuhusu ushauri maarufu wa kuongeza ukubwa wa pakiti, vile vifurushi vidogo ambamo data husafiri, kutoka baiti 1500 hadi 9000, achana nao: kwenye gigabiti faida yake ni ndogo, na kifaa kimoja kisichoukubali kinaweza kuukwamisha mtandao mzima.

Hatimaye, kama kazi ni ya kuhamisha mara moja tu na ruta yako ni ya poti za megabiti 100, huna haja ya kununua nyingine. Chomeka kebo moja ya mtandao, moja kwa moja kati ya kompyuta mbili. Kadi za gigabiti hujipanga zenyewe bila kuhitaji kebo ya aina maalumu, na baada ya muda mfupi kila kompyuta itajipa anwani inayoanza na 169.254, ambayo utaitumia kufungua folda iliyoshirikishwa. Zile gigabaiti 200 zitahama kwa nusu saa hivi, ikiwa diski zinamudu. Zikishafika, linganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda pande zote mbili, ufungue chache za mwisho kunakiliwa, ndipo uifute ile diski ya zamani.