Kwa wanaoanza kazi ya makaburi: msianze kwa kusafisha

Vijana, picha mlizotuma za makaburi ya kale mliyoyasafisha nimeziangalia zote. Ya kabla ya kazi: majani yamefika kiunoni, chupa za maji zimetapakaa, mbuzi amesimama juu ya ukuta wa kaburi. Ya baada ya kazi: uwanja mweupe, umefagiwa, na nyinyi mmejipanga mbele yake na mapanga yenu, mmechoka na mmefurahi. Nimewapenda kwa jasho lile, wallahi. Wengi wa rika lenu hawaingii makaburini mpaka siku ya kubeba jeneza. Lakini katika picha ya kwanza, chini ya mzambarau, kuna safu ya mawe madogo, mawili mawili, kama jozi. Katika picha ya pili safu ile haipo. Nimeikuza, nimeitafuta kona hadi kona, haipo.

Waliowatangulia walifanya vivyo hivyo, na waliowatangulia hao pia. Kwa hiyo nayaandika maneno haya, yawafikie kabla hamjashika tena fyekeo.

1. Nendeni kwanza kwa sheha, mkuu wa mtaa, na kwa wazee wa mskiti. Si kwa kuomba ruhusa tu, ingawa ruhusa ni lazima. Kila mji mdogo una mtu mmoja au wawili wanaojua nani kalala wapi, na watu hao ni wazee. Wapeni kiti, waulizeni, andikeni. Mkiingia makaburini, toeni salamu kwa waliolala humo, wenye nyumba zao, kisha zungukeni eneo zima mikono mitupu. Siku ya kwanza haina panga.

2. Jiwe lisiloandikwa ni kaburi mpaka ithibitike kuwa si kaburi.

Hapa nitakaa kidogo, maana nilikuwamo katika kikundi kilichofanya kosa mlilolifanya nyinyi. Mji sitautaja. Ni Pemba, pwani, mji wa wavuvi. Makaburi yake yalikuwa na pande mbili. Upande wa mskiti palikuwa na makaburi ya kuta za mawe na lipu ya chokaa, moja likiwa na kisiki cha nguzo kichwani. Upande wa bahari palikuwa kichaka. Sote tuliujua upande wa mskiti kuwa ndio makaburi ya kale, huko ndiko tulikotembea kwa adabu, tukipiga picha na kunong'ona. Upande wa kichaka tuliuona kuwa ni kazi ya kufyeka.

Kiongozi wetu alikuwa mtu mwema na mchapakazi, na alitaka Idd iukute uwanja ukiwa safi. Tukafyeka. Ndani ya majani mlikuwa na mawe ya matumbawe, mengine ya ukubwa wa kichwa cha mtoto, mengine ya ukubwa wa nazi iliyofuliwa. Yalikuwa yanaharibu makali. Basi kila aliyekutana na jiwe alilitikisa, akaling'oa, akalirusha pembeni. Hakuna aliyekaa akaamua kufuta makaburi ya watu. Tuliamua kulinda mafyekeo, tukaendelea na kazi, tukiimba.

Fungu la mawe likawa kubwa. Mmoja wetu akatoa rai kwamba tuyapange kando ya njia, tuyapake chokaa, watu wapate pa kupita bila kukanyaga makaburi. Sote tukaiona rai njema. Tukayapanga pande zote mbili kutoka barabarani mpaka mskitini, tukayapaka, yakang'aa. Watu walisimama kutusifu.

Siku ya Idd, baada ya sala, akaja mzee mmoja na wajukuu zake. Alikuwa amewaleta kuwaonesha kaburi la mama yake. Akasimama pale palipokuwa na kichaka, akatazama, akahesabu hatua kutoka kwenye mnazi, akasimama tena. Akarudi kwenye mnazi, akahesabu upya, akaishia mahali pengine. Hesabu ile aliishika tangu utotoni, kwa miguu ya kitoto. Akatueleza kuwa jiwe la kichwani lilikuwa na tundu katikati, baba yake alilitoa pwani maji yalipokupwa, akalichagua kwa ajili ya tundu hilo ili lisipotee miongoni mwa mengine. Tukaanza kulitafuta. Mjukuu ndiye aliyeliona, kando ya njia, limepakwa chokaa, tundu limejaa chokaa.

Mzee akalipangusa kwa kiganja. Akasema, "Jiwe ndilo hili. Mama yuko wapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Hakutukemea, na mimi ningependelea atukemee. Kiongozi wetu alitaka kulirudisha jiwe mahali panapokaribia, na mzee akakataa, akasema hatamwekea mama yake jiwe juu ya mtoto wa mtu. Alikuwa na haki. Jiwe lililorudishwa kwa kukisia linasema uongo mara mbili, kwa aliyelipewa na kwa aliyenyang'anywa. Tukaomba dua kwa ujumla, kwa wote waliomo, na akaondoka na wajukuu zake. Na jiwe lile ni moja tu lililopata mtu wa kuliuliza. Yale mengine yote ya kando ya njia yalikuwa na wenyewe pia.

Fahamuni jambo hili kwa undani. Makaburi ya nguzo, ya kuta, yaliyopambwa kwa vyombo vya kaure kutoka China kama yale ya Ras Mkumbuu, Pemba, ya karne ya 14, yalikuwa ya wachache wenye uwezo. Umma mzima ulizikwa chini ya mawe mawili, moja kichwani na moja miguuni. Wavuvi, wakulima, watumwa na wazao wao, watoto wachanga. Na si ufukara peke yake. Wapo waliokuwa na uwezo na wakakataa kupamba kwa sababu ya dini. Kwenye makaburi ya kifalme kando ya kasri ya Beit al-Sahel, Mji Mkongwe wa Zanzibar, lilianzwa jengo juu ya kaburi la Sultani Seyyid Said, aliyefariki baharini mwaka 1856, na halikumalizwa, kwa kuwa Maibadhi wenye msimamo, watu wa madhehebu yake, hawakuridhia kaburi kutukuzwa kwa jengo. Mtawala mwenyewe, basi, akabaki bila kuba. Kwa hiyo mkiona kaburi halina chochote ila jiwe, msidhani limetelekezwa. Pengine limefanywa hivyo kwa makusudi na watu waliojua wanalofanya.

Sasa, yale mawe mliyoyatoa chini ya mzambarau: kama bado yako kwenye fungu, msiyaguse, msiyahesabu, msiyapange kwa ukubwa. Kusanyeni kila picha aliyopiga kila mtu kabla ya kazi, hata zile za kujipiga wenyewe, maana nyuma ya vichwa vyenu huenda jiwe linaonekana na kivuli chake. Tafuteni vishimo ardhini; jiwe lililokaa miaka mingi huacha shimo lenye udongo wa rangi nyingine. Mnapopata jozi ya hakika, irudisheni mbele ya mzee anayepajua. Msipokuwa na hakika, liacheni jiwe lilipo. Kumbukeni pia kwamba kwetu Makka iko kaskazini, karibu sawasawa. Maiti ya Kiislamu hulazwa ubavu wa kulia, uso kibla, kwa hiyo kichwa kiko mashariki na miguu magharibi. Jiwe lililoangukia upande wa magharibi wa kaburi ni la miguuni, msilihamishie kichwani kwa sababu ni zuri zaidi.

3. Mizizi haing'olewi. Mkuyu na ndugu zake huota ndani ya ufa wa ukuta, mizizi ikashuka ndani kwa ndani mpaka ukuta na mti vikawa kitu kimoja. Kijana mwenye nguvu akiuona anashika, anavuta, na ukuta wa karne nyingi unashuka naye. Kata shina usawa wa ukuta, kata chipukizi kila linaporudi, uache mzizi ufe taratibu, kisha ujaze tundu kwa mawe madogo na chokaa. Inachukua misimu. Kaburi halina haraka, mwenye haraka ni nyinyi na ratiba yenu. Mibuyu iacheni kabisa. Na kwenye magofu yaliyo chini ya serikali, kama Ras Mkumbuu au Chwaka ile ya karibu na Tumbe, hata jani msikate bila idara ya mambo ya kale kuwaambia mkate.

4. Saruji marufuku. Nasema marufuku na sitaki mjadala wa bei. Tumbawe ni jiwe lenye vinyweleo, linavuta unyevu na chumvi kutoka ardhini na kuutoa kwa juu. Lipu ya chokaa inauruhusu unyevu kupita. Saruji inauziba, ukuta unakuwa kama mtu aliyevishwa koti la plastiki juani. Chumvi inaganda nyuma ya saruji, inatanuka, inalimega jiwe kutoka ndani, na siku saruji inapobanduka huanguka na uso mzima wa kaburi, maandishi yakiwemo. Waliotia saruji wengi walikuwa watoto wa marehemu waliochanga kwa mapenzi, kwa hiyo mkiikuta msiibomoe kwa nyundo mbele ya watu. Zungumzeni nao kwanza. Mara nyingi hata kuibandua kunaondoka na jiwe, basi iachwe.

Chokaa iwe imerowekwa muda mrefu, iwe laini kama samli. Tia mchanga uliooshwa, si wa pwani, una chumvi. Lowesha ukuta kabla ya kupiga lipu, piga tabaka nyembamba, kisha funika magunia mabichi na uyamwagie maji kwa siku kadhaa, kwa kuwa chokaa hukomaa polepole kwa hewa na ikikaushwa na jua inageuka unga. Kazi ya kumwagia maji ndiyo mnayoikimbia kila mara. Mkishapiga lipu mnaona mmemaliza, mnakwenda kwenu. Atakayekimbia safari hii nitamfuata kwao, nitakaa barazani kwa mama yake mpaka arudi na ndoo.

5. Maandishi yaoshwe kwa maji matupu na brashi laini. Hakuna brashi ya waya, asidi, dawa ya kutakatisha nguo, wala rangi ya kukolezea herufi. Anayekoleza herufi asiyoisoma huibadilisha, na nukta moja katika hati za Kiarabu inamgeuza mtu jina. Pigeni picha asubuhi mapema au jioni, jua likiwa upande, herufi zitajitokeza zenyewe. Mwaka wa Hijria mtaugeuza hivi: ugawe kwa 33, jibu uliondoe kwenye mwaka, kisha ongeza 622. Ujaribuni kwa maandishi ya mskiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, 500 Hijria, mtapata 1107, na ndivyo vitabu vinavyosema. Kuna kijana aliyesoma 1305 ya Hijria akaandika kwenye ripoti kwamba kaburi ni la karne ya 14. Ya Hijria, ndiyo. Kwa kalenda ya ukutani kwake ni mwaka 1888 au unaokaribia, wakati alipofariki Sultani Sayyid Barghash wa Zanzibar. Ripoti ile ilisambaa, na mpaka leo naulizwa juu ya kaburi hilo la ajabu.

6. Msichague dini ya maiti. Visiwa hivi vimezika watu wa kila bahari. Chapwani, kisiwa kile kidogo mbele ya Mji wa Zanzibar, wamelala mabaharia wa Kiingereza waliokuwa wakiyafukuza majahazi ya watumwa, na wale wa manowari yao HMS Pegasus iliyopigwa na manowari ya Kijerumani, Königsberg, tarehe 20 Septemba 1914 ikiwa imetia nanga hapa hapa. Mbweni ya Unguja, kwenye kanisa la Mtakatifu Yohana, ni makaburi ya jamii ya watumwa walioachwa huru waliopewa makao pale na misheni miaka ya 1870, na ya Caroline Thackeray aliyewasomesha mabinti zao mpaka uzee wake, akafariki mwaka 1926. Adabu ni ile ile: ulizeni wenyewe kwanza, na msiguse msalaba ulioegemea kwa kudhani mnausaidia. Kitu kilichoegemea kimepata mizani yake, ukikinyoosha bila kutazama msingi unakivunja.

7. Mashimo ya duara kwenye kuta na nguzo yalikuwa na sahani na bakuli za kaure. Msichokonoe ndani, na mkiokota kigae cha kaure chini, kiacheni pale pale, kipigiwe picha pamoja na kitu cha kupimia. Kigae kilichomo mfukoni mwako hakina tena kaburi.

8. Mbuzi wanazuiwa kwa ua wa miti hai, si kwa kuwapigia kelele wenye mbuzi.

9. Daftari. Hili ndilo mnaloliona la kike na la ofisini, na ndilo litakalobaki mvua ikila kila tulichotengeneza. Kila kaburi lipewe namba kwenye karatasi, si kwa rangi juu ya jiwe. Andikeni umbali wake kwa futi kamba kutoka sehemu mbili zisizohama, kwa mfano kona ya mskiti na kona ya kisima. Mnazi hauhesabiki, unaanguka. Andikeni lina mawe mangapi, hali yake, nani kasema ni la nani, na siku aliyosema. Wazee wawili wakitofautiana, yaandikwe maneno ya wote wawili, msiwe makadhi. Andikeni kwa kalamu ya risasi, wino unayeyuka. Nakala moja ikae kwa sheha, moja mskitini, na ya tatu kwa mtu mwenye kabati lisiloingia mchwa.