Baba alizikwa bila Misa, sasa Nasadiki inanikwama

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padri. Nina miaka 41, nilibatizwa nikiwa mchanga, na ni mwana-WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania. Mwaka jana baba yangu alifariki baada ya kulala kitandani miaka mitatu kwa kiharusi. Katekista alikuja msibani na daftari la jumuiya, akatuonyesha kwamba kwa miaka hiyo Mzee hakuwa na mahudhurio wala zaka. Padri hakuja. Tulimzika kwa rozari ya majirani. Tangu siku ile, Jumapili tukisali Nasadiki, ile sala ya kukiri imani, tukifika kwenye “Kanisa moja, takatifu, katoliki, la mitume” nanyamaza. Usiku najiuliza kama ufufuko upo kweli au tumezoea tu kuuimba. Na kwenye kundi letu la WhatsApp akina mama wanagombana juu ya ule waraka wa Roma wa baraka kwa wapenzi wa jinsia moja, kila mmoja anamwita mwenzake mwasi. Je, mimi bado ni Mkatoliki? Niendelee kupokea Komunyo?

JIBU: Milele na milele, dada yangu. Pole kwa msiba. Najua mwaka umepita, lakini pole ambayo hukupewa makaburini bado unaidai.

Nianze na lile daftari, maana naona ndilo lililokaa katikati ya barua yako. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1184, inawataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa wasipoonyesha dalili ya toba kabla ya kufa: walioiasi imani, wazushi na wafarakano wanaojulikana, waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazopingana na imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Kukiwa na shaka yoyote, askofu aulizwe. Mzee aliyepooza hamo. Kanuni ya 1181 inakwenda mbali zaidi, inaonya kwamba katika mazishi pasiwe na upendeleo na maskini wasikose mazishi yanayowastahili.

Sisemi zaka ni mchezo. Kanuni ya 222 inatudai sote tulitegemeze Kanisa, na taratibu za jumuiya zina sababu zake. Kila paroko anawajua watu ambao mara ya mwisho walionekana kanisani siku ya harusi yao. Lakini daftari lililoonyesha nafasi tupu miaka mitatu lilikuwa linapiga kelele kwamba kuna mgonjwa. Nani alimpelekea Komunyo? Nani alimwita padri aje na Mpako wa Wagonjwa? Mwenye deni hapo hakuwa Mzee.

Nalijua daftari hilo, nami nimelishika. Miaka yangu ya kwanza ya upadri, mjane mmoja aliingia ofisini, vumbi la njia bado limemjaa miguuni, kunipa habari kwamba mumewe amefariki. Nikamkaribisha kiti, halafu nikamwuliza, “Kadi ya zaka umekuja nayo?” Alifungua fundo la khanga akatoa kadi iliyokunjwa mara nne. Miezi yote ilikuwa imelipwa. Nilitamani ardhi ipasuke. Mpaka leo sikumbuki kama nilimpa pole.

Kwa hiyo unaponyamaza kwenye Nasadiki, nadhani najua unachokinyamazia. Ila sikiliza jambo moja ambalo wengi hatukufundishwa katekesi. Kwa Kilatini tunasema tunasadiki “in” Mungu mmoja, “in” Yesu Kristo, “in” Roho Mtakatifu. Tukifika kwenye Kanisa, hicho kineno “in” kinaachwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, yaani kitabu cha mafundisho yake, namba 750, inasema kimeachwa kwa makusudi, tusije tukamchanganya Mungu na kazi zake. Tunasadiki kwamba Kanisa ni takatifu kwa kuwa Mungu analitakasa. Hatuliabudu. Hakuna anayekudai usadiki katekista wako, wala paroko wako, wala mimi. Ulichojeruhiwa nacho ni uamuzi wa watu siku ya msiba, na uamuzi huo haumo kwenye Nasadiki hata kwa nukta moja.

Sasa lile swali la usiku. Hili ni la aina nyingine, usiliweke kapu moja na la kwanza. Katekisimu, namba 2088, inatofautisha shaka ya hiari, yaani mtu kukataa au kupuuza kusadiki kile ambacho Mungu amefunua, na shaka isiyo ya hiari: kusitasita, kushindwa kuyajibu mapingamizi, wasiwasi unaokuja kwa sababu imani ina giza lake. Mtu anayelala akitamani ufufuko uwe kweli ili amwone baba yake, huyo hajaukataa. Ila namba hiyohiyo inaonya kwamba shaka ikilelewa kwa makusudi inaweza kumpofusha mtu rohoni. Kwa hiyo uliza, soma, bishana nami ukitaka. Usiifungie tu ndani.

Na usidhani giza hilo ni la Wakristo wa daraja la chini. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu aliingia humo siku za Pasaka ya mwaka 1896, akakaa humo mpaka alipokufa tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24. Kilichomsumbua ni hichohicho chako: kama mbinguni kupo. Aliiandika Nasadiki kwa damu yake mwenyewe, akawa anatembea nayo. Si kwamba aliiandika kwa sababu aliihisi moyoni. Na Tomaso, tunayempa jina baya kila Pasaka, soma vizuri Yohane 20: siku nane baada ya kukataa waziwazi kusadiki kwamba Yesu amefufuka, bado alikuwamo ndani pamoja na wenzake. Hawakumfukuza, naye hakuondoka.

Kuhusu ugomvi wa WhatsApp nitakuwa mfupi, maana kusema kweli makundi hayo yananichosha. Waraka ule, *Fiducia supplicans*, ulitoka tarehe 18 Desemba 2023, nao wenyewe unasema fundisho la ndoa halijabadilika. Januari 2024, maaskofu wa Afrika kupitia umoja wao, SECAM, wakasema baraka hizo hazifai kutolewa huku kwetu. Barua hiyo ilitiwa saini na Kardinali Ambongo wa Kinshasa, na hakuna aliyetengwa na Kanisa kwa ajili yake. Si kila kinachotoka Roma kina uzito mmoja. Ufufuko wa Kristo ni wa kusadikiwa. Mafundisho ya kawaida ya Papa na maaskofu yanadai tuyapokee kwa heshima na utii. Taratibu zinaweza kubadilika: useja wa mapadri ni sheria ya Kanisa letu la Kilatini, ilhali Wakatoliki wa Ukraine wa mapokeo ya Mashariki wana mapadri wenye wake. Waambie akina mama kwamba neno “mwasi” lina maana yake kisheria, si la kurushiana kama maganda ya ndizi.

Komunyo? Nenda. Shaka isiyo ya hiari si dhambi, usiipeleke kitubioni kama dhambi. Kama kuna cha kupeleka, pengine ni huyo katekista: kama humsalimii tena, au unamwombea mabaya. Mimi siwezi kukujibia hilo. Kumsamehe hakumfanyi awe alitenda sawa.

Na usinyamaze nje ya Misa. Kanuni ya 212 inawapa waamini haki, na wakati mwingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wao mawazo yao kwa ajili ya wema wa Kanisa. Mwandikie paroko barua, ukurasa mmoja: tarehe aliyougua Mzee, tarehe aliyofariki, nani alisema nini. Usitumie ukali, tarehe zinatosha. Asipojibu, nenda kwa dekano, padri anayesimamia parokia kadhaa jirani, kisha kwa askofu. Omba mambo mawili: kaburi libarikiwe, na wagonjwa wa jumuiya yenu waandikwe kwenye orodha yao ya kutembelewa. Lile la pili ndilo litakaloumiza vichwa, lisisitize.

La Misa halihitaji kusubiri barua. Misa inaweza kutolewa kumwombea marehemu yeyote, hata akiwa amezikwa mwaka uliopita. Jina la ubatizo la Mzee sikuliona kwenye barua yako. Nitumie. Jumamosi hii asubuhi sina nia nyingine ya Misa.