Yamaha ya baba hairudishi mafuta: nifunge kebo ya bodaboda?

SWALI: Shikamoo fundi. Nakaa Uru, na nimerithi pikipiki ya baba, Yamaha YB100. Nikiachia mafuta, injini inachelewa kushuka. Nikikata kona ya kushoto inapiga resi yenyewe. Fundi wa kijiweni anasema tufunge kebo ya bodaboda (waya unaotoka mkono wa mafuta kwenda kabureta), ni bei rahisi na inapatikana kila duka la spea Moshi mjini. Nikubali?

JIBU: Marahaba. Usikubali, na usiteremke nayo mjini mpaka ipone. Mafuta yakikwama kwenye mteremko ule wa kutoka Uru, pikipiki inakuzidi nguvu. Yakikukwamia kabla hujaitengeneza, bana klachi, zima swichi, kisha simama kwa breki.

Hiyo kona ya kushoto imeshasema mengi. Usukani ukigeuka na resi ikapanda, maana yake kebo inavutwa: imepitishwa vibaya, imebanwa kati ya tanki na fremu, au ni fupi. Isimamishe kwa stendi kubwa, iache kwenye silensi (injini ikinguruma polepole bila kuvuta mafuta), geuza usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine huku ukiifuatilia kebo kwa macho. Kama tanki lilifunguliwa karibuni, anzia hapo. Mkono wa mafuta nao uwe na mchezo wa milimita chache kabla haujaanza kuvuta.

Kuchelewa kushuka mara nyingi kuna sababu tatu, na kuzijua hakuhitaji kununua kitu. Zima injini, chomoa kebo kwenye mkono wa mafuta, vuta waya wa ndani kwa vidole. Ukiwa mzito, mara nyingi ugonjwa ni kebo. Ukiwa mwepesi, zungusha mkono wenyewe: mara nyingi bomba la usukani lina kutu, linahitaji msasa laini na grisi kidogo sana. Vyote viwili vikiwa vyepesi, fungua kifuniko cha kabureta utazame pistoni yake ndogo. Ikiwa chafu, au kabureta imekazwa kupita kiasi hadi ikajipinda, itakwama hata kwa kebo mpya. Ukiirudisha, mfereji wake ukae kwenye pini na upande uliokatwa uelekee kwenye chujio la hewa. Isipoingia, usiisukume kwa nguvu.

Kebo nzito isafishe kwa mafuta ya taa, iache ikauke, kisha idondoshee oili nyepesi kutoka juu mpaka itokee chini. Grisi usitie humo. Ikichanganyika na vumbi letu la kiangazi inageuka tope. Ukiona hata uzi mmoja umekatika, tupa kebo hiyo. Uzi huo ndio unaoshika ndani ya ganda na kuzuia mafuta yasirudi.

Sasa kebo ya bodaboda. Injini yako ni ya mapigo mawili, yaani inachoma oili pamoja na petroli, na Yamaha za aina hiyo zina pampu ya oili. Kebo ikitoka mkononi inagawanyika: tawi moja linakwenda kabureta, jingine linakwenda kwenye pampu. Ukivuta mafuta zaidi, oili nayo inaongezeka. Kebo ya bodaboda ina njia moja tu. Pikipiki itawaka na kukimbia vizuri, lakini pampu itabaki ikitoa oili ya silensi wakati wewe unapanda mlima kwa mafuta yote, na pistoni ya injini itakwama kwa kukosa oili. Tafuta kebo yake halisi yenye matawi mawili, hata kama itakubidi kuagiza.

Ukiifunga, rekebisha tawi la kabureta kwanza, pampu baadaye. Fungua kifuniko cha pampu, vuta mkono taratibu mpaka ulegevu uishe, uone kama alama ya kwenye puli imelingana na pini yake. Kabla hujakiamini kipimo hicho, changanya oili ya mapigo mawili kwenye petroli ya tanki la kwanza, mililita 40 kwa kila lita. Moshi utakuwa mwingi kidogo, usijali. Tazama pia tangi la oili: kiwango kikishuka kadiri unavyotembea, pampu inafanya kazi.