Maswali Yenu: Mashavu ya Dizzy na Mziki Usiochezeka

Toleo lililopita niligusia kidogo tu bebop, ule mziki wa jazz uliozaliwa New York miaka ya 1940, na wapuliza tarumbeta wake kama Dizzy Gillespie, nikajua watu watapita zao waende ukurasa wa mpira. Kumbe wapi. Meseji zimekuja toka Kirumba mpaka Nansio, zote siziwezi, nimechukua hizi.

Shikamoo mzee. Mimi niko kwenye kundi la matarumbeta ya harusi, tunapanda nyuma ya pikapu tunazunguka mjini na maharusi. Nimeona video ya Dizzy Gillespie anapuliza mashavu yamevimba mpaka nikaogopa yatapasuka, na mwalimu wetu akikuona unavimbisha anakufokea. Nani yuko sahihi? (Kijana wa Igoma)

Marahaba kijana wangu. Mwalimu wako ndo yuko sahihi, msikilize. Sauti ya tarumbeta inatoka kwenye midomo yako inayotetemeka pale unapopulizia, na ili itetemeke vizuri pembe za mdomo lazima zikaze, sasa ukiruhusu hewa ijae mashavuni zile pembe zinalegea, sauti inatawanyika na noti za juu unaanza kuzitafuta kwa shingo. Dizzy alizaliwa 1917 Cheraw, South Carolina, na tarumbeta kwa sehemu kubwa alijifundisha mwenyewe, ile tabia ikamganda na yeye akaweza kufika juu hivohivo, lakini wangapi wameiga mashavu wakaishia kuchoka kabla bibi harusi hajafika ukumbini? Tafuta video fupi ya mpuliza tarumbeta mwingine, Clifford Brown, kwenye kipindi cha televisheni, uone mtu anakimbia na noti huku uso umetulia kabisa.

Kama unataka kumuiba Dizzy, muibie masikio. Yeye alikuwa anakaa kwenye piano anatafuta kodi (chord, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) moja moja ajue ndani yake kuna noti gani, na mpuliza tarumbeta Miles Davis alipofika New York akiwa kijana Dizzy alimwambia jifunze piano. Sasa nyie kanisani kinanda hakikosekani, muombe mpiga kinanda akubonyezee kodi za wimbo mmoja tu mnaopiga kila Jumamosi, zisikilize mpaka zikukae, afu ndo ushike tarumbeta.

Mzee mwenzangu, mimi dansi nimecheza tangu ujana wangu na jazz naijua. Hiyo bebop mjukuu kaniwekea kwenye simu, nimesikia watu wanakimbizana tu, mara wimbo umeisha. Huo mziki unachezwaje? (Babu wa Bwiru)

Hauchezwi mzee wangu, na wala hukukosea kusikia. Wale vijana wa bebop mchana na jioni walikuwa waajiriwa kwenye bendi kubwa za dansi, wanapiga kilichoandikwa kwenye karatasi, solo unapewa kidogo unakaa. Usiku wa manane wakitoka kazini wanakwenda Harlem, klabu moja inaitwa Minton's Playhouse, pale kulikuwa na Thelonious Monk kwenye piano na Kenny Clarke kwenye drams, wanapiga kwa ajili yao wenyewe. Yeyote anaruhusiwa kupanda jukwaani, ila wenyeji wanabadilisha kodi za nyimbo zinazojulikana na wanaongeza spidi makusudi, ukishindwa unashuka mwenyewe bila kuambiwa. Wewe umewahi kuona Bagalu na Bagika, yale makundi mawili ya ngoma za Wasukuma, wanavyoshindana kuvutiana watazamaji pale Bujora kwenye sikukuu ya Bulabo, kila upande umekuja na mambo mapya yaliyofichwa mwaka mzima, basi Minton's ilikuwa na roho hiyohiyo ila uwanja ni chumba kidogo chenye moshi wa sigara.

Na serikali nayo ilichangia, hili watu hawalisemi sana. Mwaka 1944 Marekani waliweka ushuru wa asilimia 30, baadaye ukashuka kuwa 20, kwa kumbi zenye kucheza dansi au kuimba. Mwenye ukumbi akiweka wapigaji watano, watu wakae wasikilize bila kucheza, anakwepa ushuru. Pia kuanzia Agosti 1942 chama cha wanamuziki kiligomea kurekodi, kampuni kubwa za sahani kama Victor na Columbia zikakaa mpaka Novemba 1944, kwa hiyo mziki ulikuwa unakua vilabuni huku walio nje hawausikii, sahani zilipotoka watu wakashtuka, wakaona kama umeanguka toka juu.

Ushauri wangu, usianze na spidi. Mwambie mjukuu akuwekee "Groovin' High" ya Dizzy ya 1945. Ile imejengwa juu ya kodi za wimbo wa zamani unaitwa "Whispering", wimbo wa dansi kabisa, wao wakatupa melodi wakaacha kodi wakaandika melodi yao. Ukisikia mwanzo shika ile melodi kichwani, wakianza kukimbia wewe endelea kuiimba kimoyomoyo, utaona hawajapotea hata kidogo, wanazunguka mlemle. Ukishindwa rudi kwenye dansi lako mzee, hakuna atakayekudai.

Naomba kuuliza, hawa kina Morogoro Jazz, Tabora Jazz, NUTA Jazz, walikuwa wanapiga jazz hii hii ya Dizzy? Au jina tu? (Mama wa Nansio, Ukerewe)

Jina tu mama, kwa kweli. Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932, hapo Dizzy ni mtoto wa shule na bebop haijazaliwa. Huku kwetu jazz ilikuwa na maana ya bendi ya kisasa yenye magita na vyombo vya kupuliza.

Lakini kuna undugu wa upande wa pili ambao mimi binafsi naupenda kuliko yote. Kuanzia miaka ya 1930 zilikuja Afrika sahani za muziki wa Cuba, zile zenye herufi GV, zikaingia Kongo na kwetu, na ukisikiliza rumba za dansi letu la zamani Cuba imo. Sasa New York alikuwepo mpuliza tarumbeta wa Havana, Mario Bauzá, huyu alifanya kazi bendi moja na Dizzy, bendi ya Cab Calloway, na mwaka 1947 akamkutanisha na mpiga ngoma wa Cuba, Chano Pozo. Mwisho wa mwaka huohuo wakarekodi "Manteca", ngoma za mikono zinaunguruma chini, tarumbeta zinapiga kelele juu. Mwambie mtu wa Msondo asikilize, atatikisa bega. Chano aliuawa kwa risasi Harlem Desemba 1948, hata mwaka haujatimia tangu warekodi, inauma.

Tunabishana chumbani, mmoja anasema Miles ndo baba lao, mwingine anasema Clifford Brown. Tuamulie mzee. (Wanachuo wawili, Nyegezi)

Mnabishania watu wa kazi mbili tofauti. Novemba 1945 mpiga saksafoni Charlie Parker aliporekodi "Ko-Ko", Miles alikuwepo studio ana miaka 19, alipuliza kwenye nyimbo nyingine za siku ile lakini "Ko-Ko" yenyewe tarumbeta ni ya Dizzy. Spidi ile haikuwa nguo ya Miles. Alichofanya yeye ni kupunguza, akaacha nafasi katikati ya noti, akabaki kwenye sauti ya kati, na 1959 akatoa "Kind of Blue" ambayo hata asiyejua jazz anaijua.

Clifford alifuata nyayo za mpuliza tarumbeta Fats Navarro, ambaye alikufa 1950 akiwa na miaka 26, kifua kikuu na heroini. Akachukua ule unono wa sauti ya Fats akausafisha, kila noti ina mwanzo na mwisho hata akikimbia, unasikia kama mtu anayeongea haraka bila kumeza herufi. Dawa za kulevya hakugusa, wakati wenzake wengi zilikuwa zinawamaliza. Juni 1956 akafa kwenye ajali ya gari Pennsylvania, miaka 25 tu jamani. Mpuliza tarumbeta Lee Morgan alikuwa mwanafunzi wake, mwenzake Freddie Hubbard naye ukimsikiliza vizuri Clifford yumo.

Mimi? Nikiwa na mgeni namuwekea Miles. Nikiwa na mtu anayejifunza tarumbeta, Clifford, na sibadilishi.

Tarumbeta ya Dizzy imekunjwa inaangalia juu. Fundi wa kuchomelea hapa kwetu anasema ataikunja yangu kwa elfu kumi. Nimpe? (Msomaji, Sengerema)

Usimpe! Ya Dizzy ilianza kwa bahati mbaya, Januari 1953 kwenye sherehe ya bethdei ya mkewe mtu aliiangukia ikapinda, alipoipuliza akaona sauti inamfikia masikioni haraka zaidi, baadaye akaagiza kiwandani watengeneze hivyo, mdomo mpana wa mbele umeinuka nyuzi 45. Kiwandani, sio chini ya mwembe. Bomba likikunjwa na mtu wa mageti linabonyea kwenye kona, hewa inakwama na hutapata noti iliyokaa sawa tena. Ukitaka kuisikia sauti yako vizuri simama hatua mbili toka ukutani, puliza ukiuangalia ukuta, na hiyo elfu kumi nunua mafuta ya vali.